Wachezaji 13, Viti Vitatu: Harambee ya Vifaa vya Michezo kwa Wenzetu Waliojeruhiwa Vitani

Ndugu, jamaa na marafiki,

Kikundi chetu kina wachezaji 13 na viti vya michezo vitatu. Wote 13 waliumia vitani: wapo waliokatwa miguu baada ya kukanyaga mabomu ya ardhini, wapo waliopigwa risasi za uti wa mgongo, na wawili walipoteza macho. Mpira wa kikapu wa viti vya magurudumu unataka watu watano kila upande, kwa hiyo mechi kamili hatujaicheza hata siku moja. Tunapokezana. Watatu wanarusha, waliobaki wanawatania. Utani huo unachangamsha, lakini si mchezo.

Tunaitisha harambee ili tununue viti saba, vitimie kumi.

Tumeshaulizwa kwa nini tusitumie viti vya kawaida. Tulijaribu. Kiti cha hospitali kimeundwa kusukumwa polepole na mtu aliye nyuma. Ukikigeuza ghafla ukiwa na kasi, kinapinduka nawe. Magurudumu ya kiti cha michezo yameinama, juu yamekaribiana na chini yametanuka, ndiyo maana hakiangukii ubavu kirahisi na vidole havibanwi viti vinapogongana. Nyuma kina kigurudumu kidogo cha kumzuia mtu asiende chali. Mchezaji hufungwa mkanda, akigeuza kiuno kiti nacho kinageuka. Wala hakiazimwi ovyo, kwa sababu upana wake hufuata nyonga za mwenyewe. Kikiwa kipana anayumba. Kikimbana kinamchuna, na aliyeumia uti wa mgongo hasikii maumivu ya kumwonya. Atagundua akiona damu kwenye nguo. Kidonda cha namna hiyo kinaweza kumlaza kitandani kwa miezi.

Habari hii ya majeruhi wa vita na michezo hatukuibuni sisi. Mwaka 1944 Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Wanazi, alikabidhiwa kituo cha majeruhi wa uti wa mgongo huko Stoke Mandeville, Uingereza. Kabla yake wagonjwa kama hao waliachwa walale tu, na wengi walikufa mapema kwa vidonda vya kulalia na maambukizi ya njia ya mkojo. Guttmann aliagiza wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, kisha akawatoa kitandani na kuwapeleka michezoni. Tarehe 29 Julai 1948, siku Olimpiki ilipofunguliwa London, majeruhi 16, wanaume kwa wanawake, walishindana kulenga shabaha kwa upinde na mshale. Miaka 12 baadaye, Roma, wanamichezo 400 kutoka nchi 23 walikutana katika ile inayohesabiwa leo kuwa Paralimpiki ya kwanza, yaani michezo mikubwa ya dunia ya watu wenye ulemavu. Upinde hujenga mabega na mikono, na ni kwa mabega na mikono hiyohiyo mtu hujihamisha mwenyewe kutoka kitandani hadi kitini.

Hatutawadanganya ili mtoe. Michezo haioteshi mguu. Maumivu ya mguu usiokuwepo bado humwamsha mtu usiku wa manane, na anayehitaji daktari wa akili tunamhimiza aende. Tuliyoyaona sisi ni mambo madogo. Mwenzetu mmoja alikuwa hatoki chumbani kwake. Alipoletwa kwetu, wiki mbili za kwanza alikaa mlangoni, mgongo ameuelekeza uwanjani. Alipofikisha mwezi wake wa tatu nasi, aligombana na refa mpaka akatolewa nje. Mkewe alicheka hadi machozi, kwa maana mumewe alikuwa mbishi tangu siku alipomfahamu, na ubishi huo ulikuwa umepotea tangu ajeruhiwe.

Kitu cha kwanza kocha anachowafundisha ni kuanguka na kiti, kisha kuinuka nacho bila kuinuliwa. Mtu akishaanguka mara ishirini mbele ya wenzake wanaomcheka, kizingiti cha mlango wa ofisi hakimtishi tena. Huo ndio ustahimilivu tunaoufahamu. (Na tafadhali, mkija msiwaite mashujaa kila dakika. Mmoja wao husema shujaa gani anayesubiri zamu ya kiti nusu saa.)

Wenzetu wawili wasioona hatujawasahau. Kuna goliboli, mchezo uliobuniwa mwaka 1946 kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Mpira wake una uzito wa kilo 1.25 na kengele ndani, wachezaji wote hufungwa vitambaa vya macho ili wawe sawa, na ukumbi mzima hunyamaza. Mistari huwekwa kwa kamba iliyobandikwa sakafuni, mchezaji aipapase kwa vidole ajue alipo. Vifaa vyake ni vichache: mpira, vitambaa sita, kamba na utepe wa gundi.

Asiyeweza kuchangia kiti kizima achangie gurudumu, tyubu, spoki au mkanda. Fundi wa baiskeli aliye tayari kutujazia upepo na kunyoosha rimu kila mwezi, tutamwandika katika orodha ileile ya wafadhili. Usafiri pia ni mchango, hasa gari lenye mlango mpana. Kila kitakachopokelewa mweka hazina atakiandikia risiti, na hesabu itasomwa mbele ya wote siku viti vitakapofika.

Anayetaka kuona kabla ya kutoa, aje mazoezini. Viti vikiwa na watu, tutamkalisha chini acheze mpira wa wavu wa kukaa, ambao wavu wake wa wanaume huishia mita 1.15 tu kutoka sakafuni, na mchezo wenyewe hautaki kiti chochote. Aje na suruali nzito. Makalio yakibanduka sakafuni wakati anapiga mpira, ni kosa, na refa wetu hasamehi wageni.