Ndoo za kunawia ziwekwe sabuni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie ndoo za kunawia mikono kwenye masoko na vituo vya daladala hapa Dar es Salaam. Zina koki, zina maji, lakini sabuni hakuna. Au ipo chupa iliyoongezwa maji hadi haitoi povu.

Sabuni ndiyo yenye kazi. Virusi vya mafua, vya korona na vya Marburg, vilivyozuka Kagera mwaka 2023, vimefunikwa na utando wa mafuta. Molekuli ya sabuni ina upande unaoshika maji na upande unaoshika mafuta; huu wa pili hujipenyeza kwenye utando na kuupasua, kirusi kikasambaratika. Maji matupu hayawezi. Norovirusi, vinavyoleta kutapika na kuharisha, havina utando huo: sabuni huving'oa mkononi maji yakavichukua, ilhali vitakasa mikono vya spiriti haviviwezi vizuri. Kwa meza za mama lishe ipo jiki, ila meza isuguliwe kwanza kwa sabuni, maana uchafu hula nguvu ya klorini. Na wanaoichanganya na dawa ya choo yenye asidi waache. Kinachotoka hapo ni gesi ya sumu.

Manispaa zinakusanya ushuru sokoni kila siku. Sehemu ndogo ya fedha hizo inunue sabuni za kipande, zitiwe kwenye wavu wa vitunguu na kufungwa kwenye koki, zisiibiwe wala kuyeyukia chini. Kamati za masoko zisimamie.

Msomaji,
Temeke, Dar es Salaam