Ufunguo shingoni mwa mtoto wa darasa la pili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi gazetini kwako. Hapa Pasua, Moshi, watoto wadogo wanatoka shule mchana, na mama zao wako sokoni Mbuyuni au Kiboriloni hadi giza liingie. Mtoto wa jirani yangu, mwenye umri wa miaka saba, huvaa ufunguo shingoni kwa kamba ya kiatu. Juzi nilisikia harufu ya kuungua, nikakimbia. Alikuwa anampashia mdogo wake kiporo cha makande kwenye jiko la mkaa, ndani, mlango na dirisha vimefungwa kama alivyoagizwa. Moshi wa mkaa kwenye chumba kilichofungwa unaua, tena kimyakimya.

Mama yule simlaumu. Asipokwenda sokoni hawali. Lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto alindwe, na mzazi peke yake hawezi. Makanisa na misikiti yetu ina kumbi zinazokaa tupu siku za kazi. Kwa nini zisifunguliwe kuanzia saa saba hadi saa kumi na mbili jioni, wazazi wakachangia uji? Mimi nimestaafu ualimu. Nikipewa ukumbi, naanza zamu Jumatatu.

Bibi mstaafu,
Pasua, Moshi