Risala ya Klabu ya Maigizo kwa Mgeni Rasmi, Mwanza

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Afisa Utamaduni wetu. Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu: shikamooni. Kwa wazee waliotoka Magu na Kwimba, mwangaluka.

Tunakushukuru sana kwa kuja. Mwaka huu klabu yetu iliamua kumsoma msanii mmoja tu, Lupita Nyong'o. Tunamhesabu mtoto wa ziwa hili. Alizaliwa Mexico mwaka 1983, baba yake akifundisha huko, lakini kwao ni upande wa Kisumu, na alikulia Kenya. Akasomea uigizaji Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Alipokuwa anahitimu mwaka 2012 akachaguliwa kucheza filamu ya 12 Years a Slave, na Machi 2014 akapata Oscar ya mwigizaji msaidizi bora wa kike.

Humo alikuwa Patsey, mtumwa aliyeishi kweli Louisiana, anayesimuliwa kuwa alichuma pamba pauni 500 kwa siku, zaidi ya kilo 220. Mheshimiwa, pamba tunaijua. Mwenzetu mmoja alileta mipamba kutoka shambani kwa bibi yake Kwimba, vitumba vimeshapasuka, tukachuma darasani. Ganda likikauka lina ncha, linachoma chini ya kucha. Dakika kumi tu vidole vinawaka, na tulichopata hakikujaza kofia. Tangu siku hiyo hakuna anayeigiza mchuma pamba huku akitabasamu.

Kilichotugusa zaidi ni kazi aliyoifanya kabla hajajulikana duniani. Mwaka 2009 ilitoka In My Genes, filamu ya maisha halisi aliyoiongoza mwenyewe, kuhusu Wakenya wenye ualbino. Sisi wa Kanda ya Ziwa tunajua uzito wake. Katika mikoa yetu watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa imani za kishirikina, na watoto wakafichwa ndani. Katika filamu ile, wenyewe ndio wanaozungumza.

Klabuni tunaye mwenzetu wa kidato cha tatu mwenye ualbino. Ndiye mwigizaji wetu bora, na hatusemi hivyo kwa kumhurumia. Maneno yake tunayaandika kwa kalamu nene kwenye karatasi za manila, herufi kubwa kama kiganja ili ayaone vizuri, na mazoezi huanza saa kumi na moja jioni, jua likishalegea nyuma ya mawe. Mwezi uliopita tulianza kurekodi filamu fupi aliyoiandika yeye, ya msichana anayepanda kivuko cha Kamanga kwenda kwa shangazi yake. Tulikuwa na simu moja. Upepo wa ziwa ukameza sauti. Pale anapomjibu abiria aliyekataa kukaa naye, dakika nne nzima, husikii neno.

Kwa hiyo tunaomba maikrofoni mbili za kubana kwenye nguo, zenye sponji ya kuzuia upepo. Stendi ya simu. Na barua ya ofisi yako ya kutuombea ruhusa ya kurekodi kivukoni. Tunaomba pia mafuta ya kukinga ngozi na jua, maana kivuko tutakirekodi mchana na hatutaki mwenzetu huyu aungue.

Filamu ikikamilika tutaionyesha hapa hapa. Kiti chako cha mbele tumeshakiweka. Cha pembeni ni cha bibi wa mwenzetu huyu, ambaye macho yake hayaoni vizuri tena, na ameuliza jambo moja tu: je, safari hii sauti ya mjukuu wake itasikika?

Tunaomba kuwasilisha.