Mzee wa mashimo na sisi tunaosubiri wataalamu

Mhariri, shikamoo kama umenizidi umri, kama ni mdogo wangu basi marahaba natanguliza kabisa.

Nimesoma ile makala yenu ya ukame huku tambarare ya Moshi, kwamba mahindi yanakauka kwa sababu wakulima hatujaelimishwa na wataalamu hawatoshi. Hawatoshi kweli, hilo sibishi. Ila makala nzima hamkumuuliza hata mkulima mmoja anafanyaje, yaani mtu kalima miaka 30 kwenye vumbi lile lile, amelea watoto kwa shamba hilo hilo, halafu hana hata kitu kimoja cha kumfundisha mtu?

Sasa niwaambie habari ya mzee mmoja wa Burkina Faso, Yacouba Sawadogo. Alifariki tarehe 3 Desemba 2023 akiwa na miaka 77, siku ile ile maporomoko ya Hanang yalipoivamia Katesh, kwa hiyo huku kaskazini nani angekua na habari naye, kila mtu alikua anapiga simu kuuliza ndugu zake. Mi nimemjua baadae kupitia kwa mwanangu aliyenionyesha kwenye simu, na tangu hapo sijatulia.

Huyu mzee alikua wa Gourga, kijiji cha jirani na mji wa Ouahigouya, kaskazini mwa nchi yao ambako jangwa linabisha hodi. Utotoni alipelekwa Mali chuo cha Kurani, masomo yakamkataa, akarudi akawa mfanyabiashara sokoni na mambo yalikua yanaenda. Ukaja ukame wa miaka ile ya kuelekea 1980 na kuendelea, watu wanafunga mizigo wanahama kijiji, yeye anaacha biashara anarudi kulima. Hebu fikiria mtu wa Moshi aache duka pale Mbuyuni akalime porini wakati mvua hamna, si tutamuitia mchungaji.

Na alichofanya wala hakukitoa mbali. Wazee wao walikua na vishimo vya kupandia vinaitwa zaï, vya kwenye ardhi iliyokauka ikawa ngumu kama sakafu. Akavipanua, akaviongeza kina, akawa anavichimba kiangazi kabla ya mvua (kwa mila za kule kuligusa shamba kiangazi ilikua kama mwiko) na kila shimo akatia samadi na majani makavu. Samadi ikaita mchwa. Hapa ndo pamenikuna mimi, maana kwetu mchwa ni adui wa fremu za milango na nguzo za banda, ukimuona unakimbilia oili chafu. Kumbe akifuata samadi anatoboa vijinjia chini ya shimo, mvua ikinyesha maji hayatelezi juu juu yakaondoka na udongo, yanazama, na ile samadi mchwa anaisaga mizizi inakuta chakula tayari. Vibarua wa bure, hawadai hata chai ya saa nne.

Watu wakasema amechanganyikiwa. Wengine wakamchomea moto miti yake. Maana kwenye yale mashimo ya mtama na uwele zilikua zinaota mbegu za miti zilizokuja na samadi, yeye hakung'oa, akaziacha, baadae akawa anapanda kwa makusudi mpaka ukasimama msitu wa kama hekta 40 na aina zaidi ya 60 za miti na vichaka. Pale pale palipokua pamebaki ardhi tupu. Tuzo zikaja uzeeni, ile ya Right Livelihood mwaka 2018 na ya mabingwa wa dunia ya Umoja wa Mataifa mwaka 2020. Ila kabla ya tuzo mji ulishapanuka, msitu wake ukapimwa viwanja. Hilo nalo sisi wa Kilimanjaro tunalijua vizuri, kihamba, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, kina makaburi ya mababu watatu na bado unakuta mtu na kamba anapima ishirini kwa ishirini.

Mhariri, ninachotaka hasa kusema ni hiki. Yule mzee kuanzia 1984 alikua anaita wakulima shambani kwake mara mbili kwa mwaka, baada ya mavuno na kabla ya kupanda. Kama gulio hivi. Wanatoka vijiji zaidi ya 100, kila mtu na mbegu zake, wanabadilishana, wanaonyeshana, wanabishana, hamna spika wala mgeni rasmi. Hivyo ndo mashimo yalivyosambaa. Sasa linganisha na Nane Nane yetu, mi naendaga, nikirudi nina kofia na vipeperushi vya mbolea ya chumvichumvi na bei za trekta ambalo hata kata nzima tukichanga hatulinunui. Mkulima mwenzangu wa kuniambia mimi nilifanya hivi nikakosea hapa, sijawahi kumkuta.

Na si kwamba hatuna. Dodoma kuna mashimo ya Chololo, karibu ni yale yale, yamepewa jina la kijiji yalikotoka. Hapo juu Shimbwe, mfumo wa kihamba ulitambuliwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2011 kama urithi wa kilimo wa dunia: migomba, kahawa chini yake, mringaringa na mfuruanje juu vinatoa kivuli, ng'ombe bandani, samadi inarudi shambani. Mama mkwe wangu huo mfumo anao miaka yote, hajawahi kuitwa semina hata moja aelezee, wanaitwa vijana wake wakafundishwe.

Mi nimejaribu mashimo robo eka. Majirani waliniuliza nazika kuku wangapi, na kibarua wa kwanza alikimbia siku ya pili maana kazi ni ngumu jamani tusidanganyane, sululu inaruka kama unapiga lami. Mwaka wa kwanza nilitia samadi mbichi mahindi yakaungua. Mwaka wa pili nikavuna gunia mbili na debe, upande wangu wa pili uliolimwa kwa trekta haukufika gunia. Sa hivi waliokua wananicheka wawili wanachimba.

Kwa hiyo Jumapili ya kwanza ya mwezi wa pili, baada ya ibada, tunakutana shambani kwangu na hao wawili na yeyote atakayekuja, kila mtu abebe mbegu anayoiamini hata kama ni kikombe. Mwandishi wenu akija avae viatu vibovu, na jembe abebe lake, mi ninalo moja tu.

Mama wa mashimo,
Kahe, Moshi