Tela la kuishi watu

Houston, Texas

Kaka Shabani,

Shikamoo ya wazee naomba unifikishie, na wewe pokea salamu zangu. Huku tu wazima. Yule mtoto niliyeondoka naye akiwa anatambaa, sasa nisipoangalia anashika grainda.

Uliniuliza kwenye simu kama nimeacha kutengeneza matela ya mizigo. Sijaacha, ila siku hizi naletewa sana haya ya kuishi: vitanda, jiko, choo, na sebule inayosukumwa nje kwa mota. Tela hilo linafungwa kwa kingpini ile ile ya inchi mbili, ile pini nene ya chuma chini ya mbele ya tela, isipokuwa sahani inayoishika iko kwenye bodi ya pikapu, juu ya ekseli ya nyuma. Tela la tani sita hukalisha zaidi ya tani moja kwenye hiyo pini. Na juu ya pini ndipo watu wanapolala!

Sasa nikusimulie la mzee mmoja mstaafu. Alikuja akilalamika kwamba mlango wa chumbani unakwama na ukuta wa nje umeota mkunjo karibu na kitanda. Fundi wa mwanzo alishamjazia silikoni, kama kumpaka maiti poda. Nikamwomba aliache limefungwa kwenye pikapu, apandishe jeki za mbele, kisha azishushe. Mimi nikachuchumaa na tochi pale bodi inapokutana na chuma. Pengo likawa linafunguka na kufunga, kidole kinapita.

Wewe umezoea chesisi inayobeba kila kitu, bodi ikipinda unagonga nyundo, safari inaendelea. Huku ukuta ni fremu nyembamba ya alumini iliyobandikwa kwa gundi kwenye faibaglasi. Chuma kikicheza kidogo tu, gundi inaachia. Kwa hiyo mkunjo wa ukutani ni taarifa. Ugonjwa uko ndani, usikoweza kuuona mpaka ufumue.

Na kufumua ndiko kulikotumaliza. Mitungi ya gesi nje, betri zimefunguliwa nyaya, sponji ya kuzuia baridi na mbao zote karibu na moto zimeondolewa, kijana amesimama na mtungi wa kuzimia moto muda wote. Ndani nikakuta mabomba ya mraba ya fremu ya juu yamechomewa pande mbili tu, kwa chini hakuna aliyefika. Ufa ulianzia kando ya welding, kama kawaida yake, ukapanda.

Hatukuchomea kitu kwanza. Tulinyanyua kwa jeki na magogo hadi pengo likajifunga, tukapima kona kwa kona, maana ukichomea kilichopinda umekigandisha kikiwa kimepinda. Halafu nikapulizia ile dawa nyekundu inayoonyesha ufa unaishia wapi, nikatoboa tundu pale mwisho, nikachimba mfereji kwa grainda, nikajaza vipande vifupi vifupi kwa kupokezana pande ili chuma kisivutike. Rodi za kuchomelea ni 7018, zile zisizotaka unyevu, zimetoka kwenye oveni. Zilizokaa wazi kwenye unyevu usiziguse kwa kazi hii.

Hapa utabisha, nakujua. Bamba la kuongezea nguvu nililikata ncha zikachongoka, kama almasi ya kwenye karata, wala sikupitisha welding kukata upana wa mhimili kwa chini. Nyie mnakata bamba la mraba na kulizungushia welding pande zote, mkijisifu limeshika. Limeshika kweli, ila uzito wote unakutana kwenye ule mstari mmoja wa mwisho wa bamba, na ufa mpya unazaliwa hapo hapo.

Vishikizo vya springi nikaviunganisha kwa mbavu za kukingama, maana navyo vilishaanza kuyumba. Kuta nimemwachia fundi wa faibaglasi. Kazi ya gundi siipendi na sitajifanya naijua.

Lile tela lenu linalopasuka nyuma ya miguu ya kusimamia, usilipige bamba kabla hujakagua springi na bushi za upande huo. Lisugue mpaka chuma king'ae, unipigie picha kwa chini, na uniambie huwa linapakia nini.

Msalimie sana Mama Zuhura. Mwambie achari yake ya embe tumeimaliza.

Ni mimi ndugu yako,
Hamisi