Salamu za Idi kwa mkunga wa zamu ya usiku

Mwezi umeandama, ndugu zangu. Idi Mubarak kwenu nyote, mliofunga na mnaosherehekea pamoja nasi. Mola azitakabali swaumu zetu.

Usiku kama huu hunirudisha kwenye Idi niliyoikuta nikiwa wodi ya wazazi, hapa Tanga. Takbira zilisikika kutoka msikiti wa jirani, nami nimeng'ang'ania chuma cha kitanda kwa uchungu. Mkunga wa zamu alikuwa amefuturu tende na maji akiwa wima. Kwake nako watoto walikuwa wakimngoja.

Alfajiri binti yangu akalia. Nje mama mkwe akapiga vigelegele, simu zikaanza: wa kike au wa kiume? Anafanana na nani? Watu wote walihamia kwa mtoto. Aliyebaki kwangu ni mkunga peke yake. Alinichoma sindano pajani, akangoja kondo la nyuma litoke, akalikagua, kisha akaweka mkono chini ya kitovu changu akaanza kulikanda tumbo. Iliuma, nikalalamika. "Vumilia mwanangu, nataka mji wako wa mimba uwe mgumu kama embe bichi. Ukilegea, damu haingoji mtu." Akafunua kanga, akatazama damu, akafunika. Baada ya robo saa akarudi tena, na tena.

Nilikuja kuelewa baadaye kwamba damu nyingi baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya akina mama duniani, na kwamba mwanamke mzima wa afya anaweza kupotea ndani ya saa chache, huku wenzake wakimtafutia mtoto jina. Hapa Tanzania, utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakadiria 104. Vituo vimejengwa, dawa na magari ya wagonjwa yameongezeka, yote hayo yamo. Lakini mimi nikizisoma namba zile nauona ule mkono juu ya tumbo langu.

Najua wapo dada zangu waliojibiwa maneno makali wakiwa leba. Hilo silitetei, mwenye uchungu anastahili kauli njema. Nalo hili ni kweli: mkunga mmoja na wajawazito watano usiku mmoja ni mzigo usiobebeka.

Basi kesho mkipakua pilau, sahani moja iende wodi ya wazazi iliyo karibu nanyi. Pelekeni jioni, maana wa mchana hukumbukwa, ila wa usiku huingia wakati masufuria yameshaoshwa. Binti yangu sasa ana miaka tisa. Ameshaniomba yeye ndiye abebe kapu, akiwa na gauni lake jipya.

Idi njema, wakunga wetu.