Mhariri, ini sio chujio tu jamani

Mhariri,

Ukurasa wenu wa afya huwa nausoma wote hadi matangazo, na mara nyingi mnafanya vizuri sikatai, ila ile makala ya ini ya wiki iliyopita imenikata maini kweli. Mwanzo mpaka mwisho ini ni chujio, ini linasafisha sumu, basi. Halafu chini yake mkaweka tangazo la dawa ya kuosha ini, hivi ini ni sufuria?

Ini ni tezi pia, na sio tezi ndogo, kwa mtu mzima lina kama kilo moja na nusu. Linatengeneza protini linazomwaga kwenye damu, zinasafiri mbali huko na kuamrisha misuli, mafuta, mpaka ubongo, yaani zinafanya kazi kama homoni kabisa, wataalamu wanaziita hepatokini. Na sio habari mpya kihivyo, tangu miaka ya 1950 watafiti walishaona kwamba homoni ya ukuaji inatumia mjumbe, na huyo mjumbe ndo IGF-1 ambaye sehemu kubwa inayozunguka kwenye damu inatoka kwenye ini.

Mi hii kitu nimeifuatilia kwa sababu yamenikuta. Nilipigwa ultrasaundi nikaambiwa ini lina mafuta, ah hayo ya kawaida, nenda nyumbani. Baadaye sukari ikapanda nikapelekwa chumba kingine kwa daktari mwingine, akaniuliza maswali kibao lakini la ini hata hakuligusa. Nikawa nadhani nina magonjwa mawili yasiyojuana.

Kumbe yanajuana sana. Kuna protini inaitwa fetuini-A, ini likijaa mafuta huwa linaitoa kwa wingi, nayo inaenda kubana kipokezi cha insulini, yaani ule mlango wa seli unaoipokea hiyo homoni ya kushusha sukari. Kwa hiyo kongosho linahangaika kutoa insulini, insulini inafika kwenye misuli inabisha hodi, mlango hauitiki vizuri, sukari inabaki inazunguka kwenye damu. Sio yenyewe peke yake inayoleta kisukari, nisije nikaeleweka vibaya, ila imo.

Nyingine ni FGF21, jina kama namba ya gari lakini ndo inayonifurahisha kuliko zote. Iligunduliwa mwaka 2000, ikafika 2005 ndo ikaonekana inashusha sukari na mafuta kwenye damu ya wanyama wa maabara. Ukila sukari nyingi hasa fruktosi, au ukinywa pombe, ini linaitoa, na kwa wanyama imeonekana inaenda hadi kwenye ubongo kupunguza hamu ya vitamu, yaani ini linakwambia inatosha sasa! Cha ajabu watu wanene na wenye ini la mafuta wanayo nyingi kwenye damu kuliko wengine, na wapo wanasayansi wanaosema mwili unakuwa umeizoea hauisikii tena, kama mtoto aliyezoea kufokewa.

Halafu ipo ANGPTL3, hiyo inazuia kimeng'enya kinachovunja mafuta ya damu. Wapo watu wamezaliwa bila hiyo protini na mafuta yao kwenye damu yako chini sana, ndipo ikatengenezwa dawa ya kuizuia, evinacumab, Marekani wakaipitisha 2021 kwa wagonjwa wa ule ugonjwa adimu wa kurithi wa kolesteroli ya juu mno. Dawa imeshatoka halafu sisi bado tuko kwenye chujio!

Ombi langu ni dogo tu, mkiandika tena kuhusu kisukari msiliache ini nje, na mkiandika ini muwaambie wasomaji walioambiwa lina mafuta wakapime na sukari. Na lile tangazo la kuosha ini mkiweza liondoeni, au basi lisikae ukurasa mmoja na daktari.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi.